Sura ya Tano: Kutoka "Nani" Hadi "Nini"

Mwanzoni mwa muhula wa pili nilimwomba fundi wa gereji iliyo jirani na shule yetu, hapa Tanga, anipe ringi chakavu ya bajaji. Tukaitundika darasani kwenye boriti kwa kamba ya katani, karibu na dirisha la nyuma, kisha nikaandika ubaoni sentensi moja: Ringi hii ilie bila mtu kuigonga.

Darasa la tano, wanafunzi 56, likanyamaza. Halafu mmoja akauliza, "Madam, na upepo je?" Nikamjibu kwamba upepo nao hautaruhusiwa. Sharti lilikuwa hili: mtu mmoja atasukuma gololi moja kwa kidole kimoja pale mlangoni, basi. Kutoka hapo mpaka dirishani, mwendo wa zaidi ya mita sita, kila kitu kitasukumwa, kitaangushwa au kitafyatuliwa na kitu kilichokitangulia. Hakuna mkono. Mwishoni kipande cha nondo kitaigonga ringi.

Vifaa vilikuwa vile ambavyo mtoto yeyote wa mtaa wetu anaweza kuvikusanya Jumamosi moja: gololi, vifuniko vya soda, makopo ya maziwa, mwanzi uliopasuliwa katikati, spoku za baiskeli, ndala zilizokatika, maboksi, uzi wa katani, mchanga, na seti mbili kuukuu za dhumna kutoka kwa wazee wa baraza moja waliokwisha kununua nyingine. Mwalimu anayesubiri bajeti ya maabara ndipo aanze somo la mashine rahisi atasubiri sana, na watoto wake watamaliza la saba wakiujua wenzo kwa picha tu.

Mtambo wa namna hii, ambamo jambo dogo huzaa jingine mpaka kazi nyepesi ikamilike kwa njia ndefu, umeshikamana na jina la Mmarekani mmoja, Rube Goldberg. Alizaliwa San Francisco mwaka 1883, akasomea uhandisi katika Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, akahitimu mwaka 1904. Kazi yake ya kwanza ilikuwa katika idara ya maji na maji taka ya mji wake. Hakudumu hata mwaka. Aliacha mabomba akaenda kuchora katuni magazetini, na huko ndiko alikopata umaarufu. Katuni yake moja ya mwaka 1931 inamwonyesha bwana anayekunywa supu. Anapoinua kijiko, kijiko kinavuta uzi; uzi unashtua upawa; upawa unarusha biskuti; kasuku anairukia biskuti; kitulio cha kasuku kinainama na kumwaga mbegu ndooni; ndoo inakuwa nzito na kuvuta kamba; kamba inawasha kiberiti; kiberiti kinawasha fataki; fataki inapaa na kuvuta mundu; mundu unakata uzi; na leso iliyokuwa imefungwa kwa uzi ule inaachiwa, inabembea na kumfuta bwana mdomo. Kila sehemu ameipa herufi yake, kuanzia A, ili msomaji afuate.

Niliwachorea watoto katuni hiyo ubaoni jinsi nilivyoweza. Walimcheka kasuku mpaka darasa la pili likaja kuchungulia. Waliponyamaza nikawaomba wanisomee mchoro kwa sentensi, herufi kwa herufi, na hapo ndipo nilipogundua kwamba somo langu la sayansi lilikuwa limekwisha kuandaliwa na lugha yetu wenyewe.

Kiswahili kina anguka na kina angusha. Kina fyatuka na fyatua, mwagika na mwaga, katika na kata. Katika kila jozi, neno la kwanza linakwambia jambo limetokea, na hapo linaishia. Mbegu zilimwagika. Uzi ulikatika. Msikilizaji anaridhika, wala hakuna anayedai zaidi. Neno la pili halikuachii. Ukisema "ilimwaga" lazima useme ni nini kilichomwaga, na ukishakitaja inabidi useme nacho kilisukumwa na nini, na kabla ya hapo nini, mpaka urudi kwenye kijiko cha supu. Basi nikapiga marufuku. Kwa wiki tatu, katika daftari la Sayansi na Teknolojia, hakuna kuandika "ilianguka". Ikianguka, kuna kilichoiangusha, nacho kitajwe. Na neno "yenyewe" likafukuzwa kabisa.

Katika miaka niliyofundisha sijawahi kutoa amri ndogo kama hiyo iliyozaa kazi kubwa kama ile.

Niliwagawa makundi saba ya watoto wanane. Kila kundi lilipewa dawati moja na kipande chake cha safari: la kwanza gololi kwenye mwanzi, la pili kete za dhumna, la tatu kopo la mchanga linaloshuka kwa kapi, na kadhalika mpaka la saba, lenye nondo na ringi. Ndani ya siku nne kila kundi lilikuwa na kipande kinachofanya kazi vizuri, na kila kundi likaniita nije nione. Nikaenda, nikapongeza. Siku ya tano tukaunganisha vyote saba, na hakuna kitu kilichovuka kutoka dawati moja kwenda jingine.

Tatizo la kwanza lilikuwa la kimo. Madawati yetu yalitengenezwa na maseremala tofauti kwa miaka tofauti. Gololi ya kundi la kwanza ilitoka mwanzini ikiwa juu ya kete ya dhumna ya kundi la pili kwa upana wa vidole vinne, ikapita hewani, ikadondoka sakafuni. Kundi la kwanza likasema gololi imefika, wenzao hawakuipokea. Kundi la pili likasema kete zao ni nzima, wenzao wamerusha vibaya. Wote walisema kweli, na ringi haikulia.

Niliwaamuru wasiguse chochote kwenye madawati yao. Wajumbe wawili kutoka kila upande wakae pale katikati, na rula, waandike makubaliano: gololi itatoka kwenye kimo gani, kutoka upande upi, na itagonga kete sehemu gani. Yale makaratasi sita, moja kwa kila mpaka, ninayo mpaka leo. Moja limeandikwa: "Sisi tutawaletea kopo kutoka juu, sentimita 14 juu ya dawati lenu. Nyie muweke kijiti chenu chini yake, kisizidi sentimita 3 kutoka ukingoni." Wahandisi wanaojenga daraja kutoka kingo mbili za mto huandikiana hivyo hivyo. Walioandika karatasi ile walikuwa na umri wa miaka kumi na moja.

Sasa nije kwenye ule msamiati uliobeba jina la sura hii. Jaribio la kwanza baada ya makubaliano, kete za dhumna ziliangushwa kabla gololi haijaachiwa. Kabla sijafungua mdomo, sauti kama ishirini zilipaa pamoja: "Nani kagusa?" Vidole vyote vikamwelekea kijana mmoja aliyekuwa amesimama karibu. Kiwiko chake kilikuwa kimegusa dawati, ni kweli. Macho yalikuwa yamekwisha kumjaa machozi.

Darasani kwetu, nyumbani kwetu, hata ofisini kwetu, kitu kikiharibika swali la kwanza ni nani. Tukishampata nani, tunaona kesi imekwisha: atafokewa, atalipa, atasimama nje. Na kesho yake kiwiko kingine kitapita palepale. Nikabandika karatasi kubwa ukutani yenye safu tatu: Kilikwama wapi. Nini kilisababisha. Tutabadilisha nini. Safu ya nani haikuwemo, nikasema haitakuwemo. Msichana mmoja wa kundi la tano akapinga: "Lakini Madam, ni kiwiko chake kweli." Nikamjibu, sawa, andika kiwiko. Nini kilikifikisha kiwiko pale? Wakatazama. Njia kati ya lile dawati na ukuta ilikuwa nyembamba, mtu hapiti ila kwa ubavu, na kundi zima la tatu lilikuwa linapita hapo kwenda kuchota mchanga. Safu ya tatu ikaandikwa: sogeza dawati, mchanga uletwe wote asubuhi. Kiwiko hakikugusa tena dawati lile mpaka kazi ikaisha, na yule kijana ndiye aliyekabidhiwa kalamu ya kuandika majaribio.

Kwenye mashindano ya mitambo hii nchini Marekani, yaliyoanzishwa na wanafunzi wa uhandisi wa Chuo Kikuu cha Purdue mwaka 1949, yakafa, yakafufuliwa mwaka 1983, timu hukatwa alama mkono wa mtu unapouokoa mtambo uliokwama. Ni sheria ya haki. Lakini kwa watoto wadogo naona sheria ya safu tatu ina uzito zaidi, kwa sababu ile ya Purdue inazuia mkono tu, na hii inauliza mkono uliitwa na nini.

Kizingiti kikubwa kilikuwa kwa kundi la saba. Nondo yao ilivutwa nyuma kwa uzi wa katani, na uzi ukashikiliwa kwa pini, kipande cha spoku ya baiskeli. Kopo la kundi la sita likishuka lilitakiwa kuichomoa pini ile. Halikuweza. Wakaongeza mchanga koponi, likashindwa. Wakaongeza kokoto, uzi ukakatika. (Wakaandika: "Kokoto zimeukata uzi.") Wakapaka pini nta ya mshumaa, ikasogea kidogo ikagoma. Kadiri nondo ilivyovuta uzi ndivyo msuguano ulivyoibana pini tunduni, na wao walitaka nondo nzito kwa sababu nyepesi haikuiliza ringi. Wakakwama siku mbili.

Aliyewatoa kwenye tope ni mtoto ambaye likizo zake huzimalizia kwa babu yake huko Handeni. "Madam, hii si kama mtego wa kanga?" Nikamwambia atuonyeshe. Tukatoka nje. Akachoma ufito ardhini, akaupinda mpaka ncha ikakaribia chini, akafunga kamba, na kamba akaifunga kwenye kijiti kifupi. Kijiti kile kilizuiwa na kigingi upande mmoja, karibu kabisa na pale kamba ilipofungwa, na upande wake mrefu ukashikwa na kijiti kingine chembamba kilichoegeshwa tu. Ufito ulikuwa unatetemeka kwa nguvu. Akachukua jani bichi la mwembe akakigusa kile kijiti chembamba. Ufito ukafyatuka ukapiga hewa, na watoto wakaruka nyuma.

Tukarudi ndani na rula. Kamba ilivuta sentimita 2 kutoka kwenye kigingi. Kijiti chembamba kilishikilia sentimita 20 kutoka kwenye kigingi kile kile. Mbali mara kumi, basi nguvu ya kushikilia ni sehemu moja ya kumi. Huo ni wenzo, ule ule wa kitabuni wenye mzigo, jitihada na egemeo, ambao nilikuwa nimewachorea mwezi mmoja kabla nao wakaunakili vizuri na kuusahau.

Lakini mtego ulitufundisha jambo jingine, nami naliona kuwa ndilo moyo wa mitambo hii. Kanga hajinyongi kwa nguvu zake. Mguu wake unagusa kijiti tu. Nguvu iliyomnasa ilihifadhiwa kwenye ufito tangu jioni, na mkono wa babu. Hata mundu wa Goldberg haumpangusi bwana mdomo. Unakata uzi, na leso iliyokuwa ikisubiri inaanguka kwa uzito wake. Watoto wengi, na mimi miongoni mwao nilipoanza, hudhani gololi ya mlangoni inasafirisha nguvu yake mpaka kwenye ringi. Haiwezi. Ingeishia njiani, kwenye msuguano wa mwanzi na vumbi la chaki. Kila hatua ina akiba yake: kete ilisimamishwa, kopo lilipandishwa, nondo ilivutwa. Kinachofanywa na kila kimoja ni kumfungulia mwenzake mlango. Wazee wetu walisema mtambo wa bunduki, wakimaanisha kile kipande kidogo cha kufyatulia, na baruti ilikuwa mahali pengine.

Mwaka 1983 Lorne Whitehead, mwanafizikia wa Kanada, alichapisha katika jarida la American Journal of Physics makala fupi kuhusu jambo hili. Kete, alionyesha, inaweza kuangusha kete nyingine inayoizidi vipimo vyote kwa karibu mara moja na nusu. Alipanga kete 13, ya kwanza haifiki sentimita 1 kwa urefu, ya mwisho ina sentimita 61. Ile ndogo mno iligusa ya pili, na mwishoni ikaanguka kubwa.

Tukamwendea seremala aliye nyuma ya shule na hesabu za desimali mkononi. Tulianzia sentimita 2, mara 1.5 ni 3, kisha 4.5, kisha 6.75, kisha 10.1, kisha 15.2, mpaka cha saba chenye sentimita 22.8. Mtoto aliyesema desimali hazina kazi alisimama kando ya msumeno wa fundi akidai milimita zake. Vipande vile saba vilichukua mahali pa kopo la kokoto. Mara ya kwanza cha tano kiliyumba kikarudi kusimama. Walipochuchumaa kutazama, wakaona cha nne kinakigonga chini, karibu na miguu, kwa sababu walikuwa wameviacha mbali sana. Kete ikigongwa juu huangushwa. Ikigongwa chini husukumwa nyuma tu. Wakavisogeza, vikaenda vyote saba, na cha mwisho kikaangukia kile kijiti chembamba cha mtego, uliokuwa umechukua mahali pa pini.

Hapa sina budi kukiri jambo, kwa sababu mwalimu atakayesoma sura hii atajaribiwa kama nilivyojaribiwa. Jioni ya jaribio la kumi na moja watoto waliondoka wamenyong'onyea. Nilikuwa nimewasimulia kuhusu kundi la muziki la OK Go la Marekani, ambalo mwaka 2010 lilirekodi video ndani ya ghala huko Los Angeles kwa mtambo wa aina hii, likalazimika kurudia zaidi ya mara 60, lakini habari za Los Angeles hazimfariji mtoto mwenye njaa saa tisa alasiri. Nikabaki peke yangu. Nikaona kete mbili zimekaa upande, na mwanzi umeshuka kwa sababu boksi lililoushikilia lilikuwa limelowa unyevu wa usiku. Nikazinyoosha kete, nikaweka tofali chini ya mwanzi. Asubuhi mtambo ulifika mpaka dawati la sita, mbali kuliko siku zote, na darasa likashangilia.

Yule kijana wa kalamu hakushangilia. Alisimama mbele ya chati. "Madam, jana ilikwama kwenye mwanzi. Leo imepita. Nini kimebadilika?"

Nilikuwa nimewaibia. Nilichukua sababu yao nikaificha mfukoni, nikawaachia muujiza, yaani lile neno "yenyewe" nililolifukuza kwa mkono wangu. Nikawaambia nilichofanya. Kikafuata kimya ambacho sijakisahau, kisha msichana wa kundi la tano akasema tuondoe tofali. Wakaliondoa. Mwanzi ukashuka, gololi ikasimama njiani, wakatazama, wakaligusa boksi wakasikia lilivyolegea. Safu ya pili: unyevu umelegeza boksi. Safu ya tatu: tumia kopo la bati. Walitumia kopo la bati, na lilikuwa bora kuliko tofali langu. Tangu siku ile, watoto wakitoka, ninatoka nao na mlango naufunga.

Kama unataka kuanza, mwalimu mwenzangu, usianze na makundi saba. Anza na viungo vitatu na kundi moja, na utafute kazi yenye sauti, kwa kuwa sauti haibishaniwi. Badilisheni kitu kimoja tu kwa kila jaribio. Mkibadilisha viwili na mkafanikiwa, hamtajua ni kipi. Funga madirisha. Nondo na ufito uliopindwa viwekewe mstari wa chaki sakafuni ambao kichwa cha mtoto hakivuki. Na darasa la tano lina nafasi kuliko la nne na la saba, ambayo yana mitihani ya taifa mabegani.

Ringi ililia kwenye jaribio la kumi na saba, siku ya Alhamisi, kabla ya mapumziko. Haikulia kwa nguvu. Ilikuwa sauti moja kavu, na darasa la nne la chumba cha pili wakaanza kutoka nje wakidhani ni kengele. Watoto wangu walipiga kelele, wakakumbatiana, wakairudisha nondo mahali pake kwa mikono yote waliyokuwa wamenyimwa kwa wiki tatu. Mimi nilidhani kazi imekwisha, nikaanza kufuta ubao.

Yule kijana alikuwa kwenye chati. Kwenye safu ya kwanza aliandika: "Hakijakwama." Akasimama kwenye safu ya pili, akawaita wenzake, kwa sababu hata kulia kwa ringi kulikuwa na kilichokusababisha. Walibishana dakika kumi za mapumziko yao. Maneno waliyoyaandika bado yako kwenye karatasi ile: "Kopo la bati limeushika mwanzi. Dirisha limezuia upepo. Kipande cha nne kimekigonga cha tano juu. Kijiti cha babu kimeiachia nondo."